Asiyekuuliza asikuguse: kwa dada anayetaka kukandwa Guangzhou

Dada, usinunue hiyo kadi. Kama umeshalipa, rudi leo ukadai pesa yako kabla hujalala kwenye kitanda chao hata mara moja.

Kwa mnaopita tu: mleta mada yuko Guangzhou, mzigo wake umekwama, hapati usingizi, kifua kinabana, moyo unamwenda mbio, anashusha pumzi kila saa, anahisi kitu kimekwama kooni na nguo zimeanza kumpwaya. Rafiki yake kampeleka duka la masaji kule Sanyuanli. Wamemwambia ini lake lina moto kwa sababu ya hasira alizomeza, dawa ni kukandwa kwa nguvu, alipie kabisa kadi ya mara ishirini, na kadiri anavyoumia ndivyo anavyopona. Anauliza kama kweli hisia zinakaa kwenye viungo vya ndani, bei ya haki ni ipi, ajikande wapi mwenyewe nyumbani, na anywe chai gani.

Maneno hayo niliambiwa mimi, karibu yote, kwa mpangilio huohuo. Ndiyo maana sitakuzungusha.

Nilikuwa nasimamia kago za watu pale Xiaobei, hapohapo Guangzhou. Moyo ulikuwa unanidunda hata nikiwa nimekaa, kikombe cha chai kinatetemeka mkononi, nakula vizuri na bado nakonda. Nilikuwa nagomba na kila mtu, hadi dereva wa mzigo akawa hapokei simu zangu. Kila niliyemsimulia alisema ni msongo wa mawazo, na mimi nikaukubali kwa sababu mawazo nilikuwa nayo kweli. Mtu anayedaiwa na wateja wa Kariakoo hahitaji kutafuta sababu nyingine ya kukosa usingizi.

Mwenye duka alinitazama usoni tangu mlangoni akatoa hukumu: gan huo, moto wa ini. Hakunishika mkono kusikiliza mapigo. Hakuomba kuona ulimi. Hakuuliza usingizi, choo, hedhi, wala kama kuna dawa natumia. Swali lake lilikuwa moja: nalipa kwa WeChat au Alipay?

Kijana aliyenikanda alikuwa na nguvu za kubeba gunia. Aliniwekea kiwiko kwenye ule mnofu kati ya bega na shingo, akaegemea kwa uzito wake wote. Nimelala kifudifudi, uso uko kwenye tundu la kitanda, nikawa naviona viatu vyake vya kitambaa: kila akiongeza nguvu, visigino vinanyanyuka kutoka sakafuni. Nikilia, anasema vizuri, hasira inatoka. Nikisema basi, anasema hapo ndipo penye ugonjwa. Nilitoka na michubuko ya zambarau mgongo mzima na nikaionyesha kwa wenzangu kama ushahidi kwamba dawa inafanya kazi.

Na usiku ule nililala! Hapo ndipo mtego ulipo, dada, tafadhali uelewe hapa kuliko pengine pote. Mwili uliopondwa unachoka, na mwili uliochoka unalala saa mbili tatu. Nikaamini napona. Nikaongeza kadi. Moyo ukazidi kukimbia, duka likasema moto ni mwingi kuliko walivyodhani, vipindi viongezwe. Nikaongeza tena. Miezi ikapita hivyo. Siku nilipokwenda kudai vipindi vilivyobaki nilikuta mlango wa chuma umeshushwa na namba yao haipatikani. Waliokaa China wanajua, haya ya kulipia kabla halafu mwenye duka anatoweka hayaanzi wala hayaishii kwenye masaji. Lakini pesa si jambo lililoniuma zaidi.

Aliyenitoa kwenye shimo ni mwanafunzi wa udaktari, Mtanzania mwenzetu, aliyenikokota hadi hospitali ya tiba ya jadi ya Kichina. Kule unajiandikisha kama hospitali nyingine yoyote, unachukua namba, na kuna idara nzima ya tuina, yaani ukandaji wa tiba. Daktari alikuwa mama wa makamo. Aliweka mkono wangu juu ya kimto kidogo, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo, akanyamaza. Mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Akaomba ulimi. Akauliza natoka jasho saa ngapi, nasikia joto au baridi, choo mara ngapi, hedhi ikoje, nakula nini, nani kafariki nyumbani, nadaiwa na nani. Ndiyo, aliuliza hata hilo, na mwenzangu akawa anatafsiri huku ameinamisha macho.

Alipomaliza hakunilaza kitandani. Alisimama nyuma yangu, akanishika shingo ya mbele kwa ncha za vidole, taratibu, akaniambia meza mate. Nikameza. Akaniambia meza tena. Halafu akarudi mezani akaniandikia kipimo cha damu cha homoni za thairoidi. Majibu yalipotoka alinihamishia idara ya homoni siku hiyohiyo. Tezi yangu ya shingo, hiyo thairoidi, ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Tezi hiyo ikizidisha, moyo unakwenda mbio, unakonda huku unakula, unatetemeka, unatoka jasho, hulali, na unakasirikia watu ovyo. Ukiiacha kwa muda mrefu inaweza kuvuruga mdundo wa moyo wenyewe, na hapo unaingia kwenye hatari ya damu kuganda na kiharusi. Dawa yake ni vidonge na vipimo vya mara kwa mara. Kiwiko cha mtu mgongoni hakiwezi kuitibu tezi hata ukikandwa mpaka kitanda kivunjike.

Kwa hiyo ninavyosoma moyo mbio, usingizi hakuna, nguo zinapwaya, halafu nakuta umeandika "nadhani ni stress tu", damu inanichemka. Na hasira yangu si kwa duka peke yake. Ni kwa hawa wa kwenye magrupu ya WhatsApp, ambao ukitaja tu kwamba hulali wanakutumia namba ya mkandaji na picha za mgongo wenye alama za vikombe, na hakuna hata mmoja anayekuuliza umepungua kilo ngapi. Rafiki yako huyo anapata punguzo akileta mteja? Muulize.

Sasa kuna atakayesema nawasingizia Wachina na tiba yao. Hapana, naitetea. Tiba ya Kichina ina nguzo nne za uchunguzi: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kushika. Mtu aliyeruka kuuliza na kushika, akakurupukia kukanda, anatumia jina la tiba ya watu kuuza kadi.

Ulichouliza kuhusu hisia na viungo ni kweli kipo kwenye vitabu vyao, na si porojo za dukani. Suwen, sehemu ya kitabu cha kale cha Huangdi Neijing, inaeleza kila hisia inavyoigeuza qi, ile nguvu inayotembea mwilini: hasira inaipandisha, furaha inailegeza, huzuni inaiyeyusha, hofu inaishusha, mshtuko unaivuruga, na mawazo yasiyoisha yanaifunga fundo. Hasira imeunganishwa na ini, furaha na moyo, mawazo na wengu, huzuni na mapafu, hofu na figo. Mwaka 1174 daktari Chen Yan akazipanga hisia saba kuwa chanzo cha ndani cha magonjwa. Na usikimbilie kudhani ini lako limeoza. Ini wanalolisema wao ni kundi zima la kazi, pamoja na kuiacha qi itembee bila kukwama, na likikwama mtu anabanwa mbavu na kushusha pumzi kama wewe. Unaweza kuwa na "ini lililokwama" kwa lugha yao na vipimo vyako vyote vya ini hospitalini viko safi.

Lakini angalia mabingwa wao walivyofanya kazi. Zhang Zihe, aliyeishi kati ya 1156 na 1228, aliitwa kwa mke wa tajiri ambaye mawazo yalimnyima usingizi miaka miwili. Dawa zote zilishindwa. Alishika mapigo ya mikono yote miwili, akayakuta yamelegea, akaamua kwamba wengu ndio ulioumizwa na mawazo. Kwa mafundisho yao hasira inayashinda mawazo. Basi akapanga njama na mume: akachukua pesa nyingi, akanywa pombe nyumbani kwao siku kadhaa, akaondoka bila kuandika dawa hata moja. Mke akakasirika hadi akatoka jasho, na usiku ule usingizi ukamchukua, akalala siku nane au tisa, alipoamka akaanza kula. Waume mnaosoma hapa, msijaribu. Ninachotaka uone ni kwamba mwanamke huyu alitibiwa kwa KUTIWA hasira, na wewe unaambiwa hasira yako itolewe kwa kiwiko. Aliyeamua hasira iwe dawa au sumu ni yule aliyeshika mapigo kwanza, akajua yuko mbele ya nani.

Asiyekuuliza asikuguse. Hiyo ndiyo kanuni yangu na sina nyingine.

Haina maana kwamba hospitali zote ni nzuri na maduka yote ni mabaya. China kuna wakandaji wasioona, wengi wamesomea kazi hiyo hasa, na nimewahi kuingia kwa mmoja ambaye kabla ya kunigusa aliuliza maswali mengi kuliko mhudumu wa benki. Nilipomtajia tezi alikataa kabisa kugusa shingo, akafanya mikono na miguu kwa mkono mwepesi, nikasinzia. Huyo ningemlipa mara mbili. Mkono mzuri unatuliza kweli, mabega yanashuka, pumzi inarefuka, na mtu mwenye msongo anahitaji hilo. Tuina iliyofundishwa vizuri ina kubiringisha ngumi, kusugua, kushika na kuachia, kusukuma kwa kidole gumba kimoja kwa mwendo uleule bila kuchoka; Shanghai walianza kuifundisha darasani miaka ya 1950. Hakuna mahali inaposema mgonjwa apige kelele ndipo apone.

Hilo la kooni ndilo linanitisha. Zhang Zhongjing, daktari wa mwishoni mwa enzi ya Han, aliandika miaka kama 1800 iliyopita kuhusu wanawake wanaohisi kipande cha nyama ya kuchoma kimekwama kooni, na madaktari waliofuata wakaita hali hiyo kokwa ya plamu: huimezi, huitemi. Wanaihusisha na hisia zilizokwama, na wanayo dawa yake ya kuchemsha. Inawezekana kabisa ndiyo hali yako. Lakini tezi iliyovimba nayo inaleta hisia ya kitu kooni. Dalili moja, njia mbili, na tofauti yake haionekani kwa mtu anayekutazama mgongo! Mtu lazima akugeuze, akushike shingo, akuambie umeze mate, akupime damu.

Na shingo yenyewe, asiizungushe mtu yeyote ghafla ili mifupa ilie. Mshipa wa damu unaopita kwenye pingili za shingo unaweza kuchanika kwa mzunguko wa ghafla, na kiharusi kikaanzia hapo. Kijana wa dukani hajui na hataki kujua.

Ukisubiri majibu, jikande pale kwenye mkono: upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kwenye kiwiko, upande wa kiganja, katikati ya mishipa miwili migumu. Panaitwa Neiguan. Bonyeza kwa kidole gumba mpaka uhisi uzito, isiwe maumivu, huku unavuta pumzi polepole. Na katikati ya kifua, kwenye mfupa, sugua kwa kiganja kwa duara nyepesi. Sehemu nyingine usiguse kwa sasa, na sababu nakupa hapa chini.

Kesho asubuhi nenda hospitali, ya jadi au ya kawaida, nyingi za jadi mijini zina maabara. Beba pasipoti, nenda na mtu anayejua Kichina. Waambie moyo, usingizi, uzito, koo, kwa mpangilio huo, na uombe damu ya thairoidi na kipimo cha umeme wa moyo. Wakikuta yote yako sawa, nitafurahi kuliko wewe, na hapo ndipo urudi idara ya tuina ukakandwe kwa raha zako. Ikitokea moyo unakimbia bila mpangilio, au kifua kinauma na pumzi inakata, usisubiri asubuhi, piga 120.

Halafu kuna mstari umeuandika kwa haraka mwishoni, kwamba siku zako zimechelewa na duka limekuambia watazifungua kwa kukubonyeza mabega na vifundo vya miguu. Nimeusoma mara mbili. Msongo unachelewesha hedhi, tezi inavuruga hedhi, na mimba pia, dada. Vitabu vyao wenyewe vinakataza mwanamke mwenye mimba kubonyezwa kwa nguvu juu ya bega pale Jianjing, kati ya kidole gumba na cha shahada pale Hegu, na ndani ya mguu juu ya kifundo pale Sanyinjiao. Duka limekuahidi karibu palepale bila kukuuliza kama una mume. Shuka sasa hivi duka la dawa, nunua kipimo cha mimba, na majibu ukiona vigumu kuyaweka hapa nitumie inbox.