Mlima unarukaruka kwenye video yangu: tatizo ni simu?

Swali: Shikamoo fundi. Napanga Majengo hapa Moshi, ghorofa ya pili, na veranda yangu inatazama mlima. Tangu Januari napiga picha moja ya Kibo kila asubuhi kwa simu kabla sijaenda kazini, nimefikisha 70 na kitu. Juzi nimeziunganisha ziwe video, nikaona aibu. Mlima unarukaruka, picha moja ya bluu inayofuata ya njano, na nyingi ni mawingu matupu. Ninunue kamera? Siku za mawingu niziache? Na siku mbili nilizokosa nikiwa msibani Rombo, nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kamera usinunue. Ukiishika kamera ya milioni tatu jinsi unavyoishika hiyo simu, mlima utaruka vilevile, ila utaruka kwa gharama.

Kuruka kwenyewe kuna makosa mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kupinda: leo simu imeelekea kushoto kidogo, kesho kulia, keshokutwa imeinama. La pili ni kuhama: wewe mwenyewe umesimama sehemu nyingine ya veranda. Kupinda kunarekebishika baadaye kwenye kompyuta, kwa sababu picha nzima imesogea pamoja na unaweza kuirudisha. Kuhama hakurekebishiki. Kilele cha Kibo kiko kama kilomita 30 kaskazini mwako, ukisogea sentimita 10 hakina habari. Lakini kona ya bati la jirani iliyo mita 5 mbele yako itakuwa imehama kwa zaidi ya nyuzi 1 ukilinganisha na mlima. Kwa picha ya simu ya kawaida, yenye upana wa pikseli 4,000 hivi, hizo ni pikseli 60 na zaidi. Ukinyoosha mlima, bati linaruka. Ukinyoosha bati, mlima unaruka. Hakuna programu itakayokupatanisha hapo bila kukata nusu ya picha.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuitafutia simu makao. Tafuta sehemu ya ukuta wa veranda ambayo simu inaweza kuegemea, uchore alama mbili za pembe zake. Mwenye nyumba akiwa mkali kuhusu misumari, rangi ya kucha inatosha na inavumilia mvua. Kisha chagua shabaha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali: tuseme kona ya lile bati na nguzo ya umeme iliyo nyuma yake. Angalia leo kona imeigusa nguzo wapi. Kila asubuhi, kabla ya kubonyeza, hakikisha imeigusa palepale. Washa na mistari ya gridi kwenye kamera, uweke kona hiyo kwenye mstari uleule. Usitumie mlima kama shabaha, maana kuna asubuhi utaamka haupo.

Na usivute picha karibu (zoom) kwa vidole. Ukivuta kwa vidole, leo umevuta mara mbili, kesho mara mbili na robo, na hilo nalo linaonekana kwenye video kama mlima unapumua. Simu yako ikiwa na kitufe cha namba cha kuvuta picha karibu, bonyeza namba ileile kila siku, au usivute kabisa.

Rangi sasa. Simu ikiachwa ijiamulie, kila asubuhi hubahatisha weupe upya. Ile pinki inayogusa theluji jua linapochomoza, yenyewe inaiona ni kosa la rangi na inaifuta. Ndiyo maana una bluu leo na njano kesho. Fungua ile sehemu ya kamera iliyoandikwa Pro, tafuta mizani ya rangi (huandikwa WB), weka alama ya jua au namba 5,500, uiache hapo mwaka mzima. Kama simu yako haina sehemu hiyo, zipo programu za kamera za bure zinazokuruhusu. Mwanga sikushauri uufunge mwaka mzima, kwa kuwa asubuhi ya masika na ya Januari hazifanani, na hupaswi kuzilazimisha. Bonyeza kidole juu ya mlima ukishikilie mpaka simu ijifunge hapo, halafu shusha mwanga kidogo ili theluji isiungue, yaani isigeuke weupe mtupu usio na umbo. Theluji ikishaungua, imeungua. Sehemu yenye giza unaweza kuiinua baadaye.

Futa lenzi. Kwa fulana safi inatosha. Nusu ya picha zenye ukungu ninazoletewa studio ni mafuta ya mfukoni.

Kuhusu saa, sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halina mambo mengi: mwaka mzima kuchomoza kwake kunapishana kwa nusu saa hivi tu. Chagua saa kumi na mbili na dakika hamsini na uishike. Jua litakuwa limeshatoka, na miteremko haijapata joto la kupandisha unyevu ukawa mawingu. Ikifika saa tatu au nne mara nyingi mlima umeshajifunika. Kinachobadilika zaidi ni upande wa jua. Desemba litakuja nyuma ya bega lako la kulia na kuumulika vizuri uso wa kusini unaouona. Juni linachomoza kaskazini zaidi, kwa hiyo linakuwa mbele yako kulia, uso wa mlima unabaki na kivuli na lenzi inaingiwa na mwanga wa pembeni. Likinge kwa kiganja, ila kisiingie kwenye picha (nimeshapata vidole vyangu kwenye picha kuliko ninavyopenda kukiri).

Siku za mawingu piga, na upige hivihivi, bila kugeuza simu kutafuta kitu kizuri zaidi. Mvua za Machi hadi Mei zinakuja, na utakuwa na wiki nzima za kijivu. Zikiwemo, siku mlima unapofunguka mtazamaji atashtuka kama unavyoshtuka wewe ukitoka na mswaki mdomoni. Ukiziondoa, utabaki na picha za kalenda, na kalenda za Kilimanjaro zipo za kutosha.

Za msibani, ziache wazi. Usipige mbili kesho yake ukaipa moja tarehe ya jana. Yuko Mmarekani, Karl Baden, anayepiga uso wake kila siku tangu tarehe 23 Februari 1987, kamera ileile, mandhari nyeupe ileile. Alikosa siku moja, 15 Oktoba 1991, kwa kusahau tu, na anaitaja waziwazi. Wewe ulikuwa unazika. Weka fremu mbili nyeusi, au usiweke kitu.

Majina ya picha anza na mwaka: 2025-03-09, si 9-3-2025, ili kompyuta izipange yenyewe kwa mfuatano. Picha ya simu ni kama MB 4, kwa hiyo mwaka mzima haufiki GB 2. Flashi mbili za bei rahisi, moja kwako na nyingine kwa ndugu, zinatosha. Ukiziunganisha kwa picha 12 kwa sekunde, siku 365 zitakupa nusu dakika.

Zile 70 za mwanzo usizifute. Nyingi nadhani zina kosa la kupinda tu, tunaweza kuziweka moja juu ya nyingine na kuzinyoosha kwa kona ya bati. Zilete studio siku yoyote baada ya saa kumi jioni, lakini kwenye flashi. Ukinitumia kama picha za kawaida za WhatsApp zitafika zimekonda, ubora umepungua.