Nani kajaza seva? Maswali yenu kuhusu hesabu za NFS

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wanaotunza seva za mafaili maofisini na vyuoni, zile za Linux zinazogawa folda kwa NFS, yaani njia ya kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao. Namba mnaziona ila hamjui zinasema nini. Twende.

Nimepiga nfsstat -s (amri ya kuonyesha hesabu za maombi yaliyofika kwenye seva) nimekuta mamilioni ya getattr, read (kusoma) na write (kuandika) kidogo tu. Tumeingiliwa na virusi?

Hapana mkuu. Getattr ni kompyuta inaiuliza seva faili lina ukubwa gani na limebadilishwa lini, ili isikupe kitu kilichopitwa na wakati. Mtu akifungua folda moja yenye picha elfu tano tu, hapo maswali kibao yashaenda. Angalia kama kuna mashine imemaunti, yaani imeunganisha folda ya seva, kwa chaguo la noac, maana kawaida Linux inakaa na taarifa za faili sekunde 3 mpaka 60 ndio iulize tena, ila ukiweka noac inauliza kila mara. Halafu ile namba ni jumla ya tangu seva iwashwe, kama ina miezi minane haijazimwa basi unasoma ya miezi minane, sio ya leo. Hifadhi matokeo saa tatu asubuhi kwenye faili, saa nne piga tena na --since ukilitaja lile faili, itakutolea tofauti yenyewe.

df (inayoonyesha diski nzima imejaa kiasi gani) inasema 97%, nikijumlisha ukubwa wa mafaili kwa du napata kama 60%. Nani mkweli?

Wote wakweli, wanahesabu vitu tofauti. Naomba nikuulize, du umeipigia wapi? Kama ni kwenye kompyuta yako, hata ukiwa root (msimamizi mkuu), seva ina mpangilio wa root_squash unaokugeuza kuwa nobody, mtumiaji asiye na ruhusa, folda zilizofungwa huingii, na ukubwa wake hauhesabiwi. Ipige kwenye seva yenyewe. La pili, wengi mnaandika du -sh * na ile nyota inaruka mafaili yanayoanza na nukta hapo ulipo. Sasa kwenye NFS mtu akifuta faili ambalo programu kwenye mashine yake bado imelifungua, halifutiki, linabadilishwa jina linakuwa .nfs na msururu wa herufi na namba, linakaa pale mpaka programu ilifunge. Nimewahi kukuta moja la giga 40, log (faili la kumbukumbu) ya programu iliyosahauliwa wazi wiki nzima! Usilifute kwa nguvu, tafuta kwanza programu iliyolishika.

Nataka kujua kila mtumiaji anakula kiasi gani, du inachukua usiku kucha.

Washa kwota, yaani hesabu ya nafasi anayotumia kila mtu, hata kama hutaki kumwekea mtu kikomo. Mfumo wa mafaili unajihesabia wenyewe kila kitu kinapoandikwa, wewe unapiga repquota -as kwenye seva na majibu yanakuja hapo hapo. Du inalazimika kuuliza faili moja moja, na ukiipitisha kwenye mtandao unawaumiza wenzako, mimi niliwahi kuitembeza mwisho wa mwezi, watu wa uhasibu wakashindwa kufungua mafaili ya mishahara na sikujua ni mimi mpaka nilipoisimamisha. Kumbuka tu kwota inahesabu kwa mwenye faili, kilichonakiliwa na root kitaandikwa kwa root.

nfsiostat (amri ya kupima kasi ya NFS kwenye mashine yangu) inaonyesha wastani, avg RTT milisekunde 3 lakini avg exe 400. Mtandao mbovu?

Hapana dada, mtandao na seva viko vizuri. RTT ni muda wa ombi kwenda na jibu kurudi, exe inajumlisha na foleni ya kusubiri kwenye mashine yako kabla ombi halijatoka. Foleni iko kwako. Ingekuwa RTT ndio 400, hapo ndio tungeanza kukagua diski ya seva na waya. Na ripoti ya kwanza iruke, ni wastani wa tangu ulipomaunti, piga nfsiostat 5 (ripoti kila sekunde 5) usome kuanzia ya pili.

Naweza kufuta mafaili ambayo atime (tarehe ya mwisho kusomwa) inaonyesha hayajasomwa mwaka mzima?

Usifute kwa ushahidi huo peke yake. Anayesoma kutoka kashe, ile nakala ya muda iliyo kwenye kompyuta yake, seva haimuoni, na kama seva imewekewa noatime basi tarehe hiyo haiguswi kabisa hata faili likisomwa kila siku. Hamishia kwenye diski nyingine, waambie wenye nayo, subiri miezi kadhaa uone nani atayaulizia.