Kabichi imening'inizwa kwa kamba, kwa nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi nimekutana na picha moja ya zamani ya Uhispania, kabichi na tunda fulani la njano vimefungwa kamba vinaning'inia, chini kuna tikiti limekatwa na tango, nyuma giza tupu. Sasa naomba kuuliza, vyakula vinaning'inizwa kwa nini? Halafu mchoraji mzima anakaa anachora kabichi, watu wa kuchora walikuwa wameisha?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na umenigusa penyewe maana hiyo picha naipenda sana. Ni ya Juan Sánchez Cotán wa Toledo, aliichora mwaka 1602 hivi, siku hizi iko San Diego kule Marekani. Kamba hajazitunga yeye, ndivyo watu walivyotunza chakula enzi hizo, friji hakuna, ukilaza tunda kwenye rafu pale linapogusa ndipo linapoanza kuoza, ila ukilitundika linapata hewa pande zote. Hilo unaloliona kama dirisha ni shubaka la kuwekea chakula. Sasa rudi ulitazame lile tango vizuri, ncha yake imetokeza nje ya ukingo, kivuli kimelala kwenye jiwe, yaani unataka kunyoosha mkono ulisogeze ndani lisije likadondoka. Mwaka uliofuata, 1603, Cotán aliacha kazi yake Toledo akaenda kuishi utawani.

Hilo la pili hata wakati ule liliulizwa sana. Picha za namna hii Wahispania wanaziita bodegón, jina limetoka kwenye bodega, stoo ya divai na vyakula, na wakubwa wa sanaa waliziona kazi ya chini, heshima ilikuwa kuchora watakatifu na wafalme. Mimi siafikiani nao kabisa. Chukua mchoraji Velázquez, mwaka 1618 yuko Sevilla hata miaka 20 hajafika, anachora bibi anakaanga mayai kwenye kaango la udongo, na mayai yenyewe amewahi kuyakamata pale pale ute unapoanza kuwa mweupe, bado mbichi huku kwingine unaganda. Pembeni kuna kisu kimelazwa juu ya bakuli jeupe, kivuli chake kinapinda kufuata shimo la bakuli. Huwezi kuchora hivyo kama hujakaa jikoni ukaangalia kwa adabu. Mwalimu wake Pacheco, ambaye pia alikuwa baba mkwe wake, alizitetea kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1649, akasema zikichorwa kama anavyochora mkwe wake basi zinastahili heshima kubwa.

Ukizipenda hizo mtafute na Luis Meléndez wa Madrid, yeye alikuja baadaye sana, miaka ya 1770, akamchorea mwana wa mfalme picha 44 za vyakula na vyombo. Aliomba mara mbili awe mchoraji wa mfalme, mara zote akanyimwa, akafa fukara mwaka 1780, na hilo linaniuma kila nikiiona ile yake ya kipande cha samoni na limau iliyoko Prado, makumbusho ya sanaa ya Madrid, samoni nyekundu mbichi inang'aa maji maji, nyuma yake vyombo vya shaba vya kupikia vilivyotumika mpaka vikachoka.