Siga za Kuba: sifa kweli, ila si zote

Mkuu, umeuliza kama siga za Kuba zinastahili sifa zake: zinastahili, ila si kila moja, na si hizo tu tena. Tumbaku ya Vuelta Abajo, mkoani Pinar del Río, ina ladha yake kweli. Tatizo ni usokotaji. Ikibanwa kupita kiasi moshi haupiti, unavuta hadi mashavu yanauma halafu inazimika. Mwishoni mwa miaka ya 1990, uzalishaji ulipokimbizwa, malalamiko hayo yalizidi mpaka viwanda vikaleta mashine za kupima upitaji wa hewa. Wakulima waliohama baada ya mapinduzi ya 1959, nao, walienda kulima Nikaragua, Hondurasi na Jamhuri ya Dominika, na mbegu za Kuba zikafika huko. Leo siga nzuri ya Estelí, kule Nikaragua, haioni aibu mbele ya ya Havana, na mara nyingi bei yake ni nafuu.

Jina lenyewe limekuzwa sana na vikwazo vya Marekani vya 1962. Pierre Salinger, msemaji wa Rais Kennedy wa Marekani, alisimulia mwenyewe: bosi alimtuma atafute siga 1,000 za Kuba aina ya Petit Upmann haraka, akarudi na 1,200, ndipo Kennedy akasaini vikwazo hivyo. Kitu cha marufuku lazima kionekane kitamu!

Ila kabla hujailaumu Kuba, hakikisha ulichovuta kilitoka huko. Feki zimejaa kila mahali. Boksi la Cohiba, chapa maarufu ya Kuba, lenye kifuniko cha kioo, achana nalo.