Ng'ombe alinitangulia, lakini kwa sekunde tano tu

Mkuu, umeuliza kama kweli wanyama wanajua tetemeko kabla halijaja, kwa sababu mbwa wako alilia usiku kucha na asubuhi yake ardhi ikatikisika. Mimi ni mtu wa shamba, na tetemeko lililonipata vizuri kuliko yote lilinikuta nimeshika chuchu za ng'ombe, kwa hiyo vumilieni maelezo marefu.

Ilikuwa alfajiri, giza bado. Nimekaa kwenye kigoda, paji la uso nimeliegemeza ubavuni mwake kama siku zote, maziwa yanashuka vizuri. Ghafla mwili wake ukakaza. Sisemi alishtuka, hapana: ulikaza taratibu kama kamba inayovutwa. Akaacha kucheua, kichwa juu, masikio mbele, na maziwa yakakata pale pale. Nikadhani kaona nyoka. Kanga waliolala mtini wakaanza makelele yao. Kisha ikaja ngurumo, nikasema moyoni lori hilo, halafu nikakumbuka kwamba upande ule hakuna barabara. Ndipo ardhi ikatikisika. Ndoo ikacheza, maji ya birika la mifugo yakapiga kingo huku na huku, vumbi likadondoka kutoka darini. Sekunde nane, labda kumi, basi. Baada yake kukawa kimya ambacho sijawahi kukisikia shambani saa hiyo. Hata wadudu walinyamaza.

Baadaye ilitangazwa kuwa ukubwa wake ulikuwa 4.3 na kitovu kiko kama kilomita 40 kutoka kwetu. Nikakaa na kalamu. Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili kwa pamoja. La kwanza hukimbia ndani ya miamba kama kilomita 6 kwa sekunde, nalo ni dogo, husukuma na kuvuta tu. La pili huenda kama kilomita 3.5 kwa sekunde, na hilo ndilo linalokuyumbisha. Kwa kilomita 40 la kwanza linafika baada ya sekunde 7 hivi, la pili baada ya 11 na ushee. Pengo ni karibu sekunde tano, na ndizo zile nilizohesabu kati ya ng'ombe kukaza na ndoo kucheza. Hakutabiri chochote. Tetemeko lilikuwa limeshatokea na limeshafika chini ya kwato zake, ila mimi nilikuwa bado sijaambiwa.

Kwa nini yeye na si mimi? Amesimama kwa miguu minne juu ya udongo mtupu, hana mawazo ya madeni. Ndege nao wana vihisio vya mtetemo miguuni, karibu na mfupa, na nadhani ndivyo vinavyowaamsha paka akikanyaga tawi usiku. Nyoka husikia ardhi kwa mfupa wa taya. Sisi tunavaa viatu, tunatembea, tunaongea. Ile ngurumo yenyewe ni wimbi la kwanza likitoka ardhini na kuwa sauti hewani, na mjini ingemezwa na magari.

Sasa turudi kwa mbwa wako, na naomba usikasirike. Mbwa wangu mimi alilala. Alitoka bandani mtikisiko ulipokwisha, akabweka kishujaa kuelekea upande ambao hapakuwa na kitu. Paka alipotea siku mbili, na jirani akaniambia "unaona, alijua". Paka huyo hupotea siku mbili kila mwezi. Swali la kumuuliza mtu yeyote mwenye kisa cha namna hii ni moja: amelia usiku mara ngapi na asubuhi hakukutokea kitu? Hizo hakuna anayezikumbuka. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walichambua taarifa 729 za namna hii, zinazohusu matetemeko 160, na wakakuta nyingi ni masimulizi ya mara moja tu, bila rekodi ya mnyama huyo alikuwaje siku za kawaida. Tena nyakati za taarifa hizo zilifanana sana na nyakati za mitetemo midogo inayotangulia tetemeko kubwa. Yaani huenda wanyama waliitikia tetemeko kweli, dogo, ambalo mwenye nyumba hakulihisi.

Mfano unaopendwa na wengi ni Haicheng, China, Februari 1975, ambako nyoka walionekana nje ya mashimo katikati ya baridi na watu wakahamishwa kabla ya tetemeko kubwa. Ni kweli, lakini mitetemo ya kutangulia nayo ilikuwa mingi pale. Mwaka uliofuata Tangshan, nchi ile ile, hapakutolewa onyo lolote, na waliokufa walizidi 240,000. Ukitaja la kwanza, litaje na la pili.

Kisa kimoja tu ndicho kinachonisumbua, nakiri. Italia, 2009, watafiti walikuwa wanahesabu vyura kwenye ziwa dogo kwa shughuli zao nyingine kabisa. Siku tano kabla ya tetemeko la L'Aquila la Aprili 6, kilomita 74 kutoka kwao, madume 96 kwa mia walitoweka, katikati ya msimu wa kuzaliana, wakati ambao madume kwa kawaida hubaki ziwani mpaka kuzaliana kuishe. Hapo kulikuwa na hesabu ya kila siku, si hadithi ya jirani. Lakini ni ziwa moja na msimu mmoja, sijengi nyumba juu yake.

Jambo ambalo watu hawaulizi, na kwa mfugaji ndilo lenye maana, ni mifugo hufanya nini ardhi ikishatulia. Mbuzi wangu walijibana kwenye kona moja ya zizi, wakubwa nje, watoto katikati. Aprili 2025 tembo wa hifadhi ya wanyama ya San Diego, Marekani, walirekodiwa wakifanya karibu vivyo hivyo baada ya mtikisiko wa 5.2, wamewazunguka wadogo na kutazama nje. Inapendeza kwenye video, ila kwa mbuzi kona ya zizi ni mahali pa kuvunjana mbavu. Usiingie kuwatawanya. Fungua lango, ukae pembeni, watatoka wenyewe. Punda usimkaribie kwa nyuma. Na usikimbilie bandani kuokoa mnyama wakati ukuta bado unacheza. Yeye ana nafuu kuliko wewe. Ukiwa nje tayari, kaa nje, mbali na ukuta, mti mkubwa na tangi la maji.

Maziwa yalipungua jioni ile na kesho yake. Hilo halina miujiza: mnyama akiogopa, homoni ya hofu huzuia ile inayoshusha maziwa, na ukimlazimisha unaharibu zaidi. Mitetemo midogo ya baadaye ilikuja mara tatu. Kwa wa kwanza kuku walipiga kelele, kwa wa pili waliinua vichwa, kwa wa tatu waliendelea kudonoa. Ng'ombe peke yake ndiye aliyegoma kusimama pale pale kwa siku nne. Nikahamishia kigoda upande wa pili wa banda, akakubali.

Tangu siku ile naandika kila anapokaza mwili nikiwa nakama. Hadi leo ni mara kumi na saba. Tetemeko moja, nzi wakali wengi, mwewe mmoja, na mara sita sikuona sababu yoyote. Ndoo naiinua kila mara.