Ningeanza na Mickey, nimalizie na wazee wa Dad's Army

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: ukipewa jioni moja, projekta na ukuta mweupe, ungewaonyesha watu wa nyumbani kwako katuni, vipindi na sinema gani za zamani? Najua wengi watataja Tom and Jerry wakaishia hapo. Mimi nitawataja pia, ila nitawaweka jirani na Vita vya Pili vya Dunia, maana katuni nyingi tunazoziona za kitoto zilichorwa mabomu yakiwa yanadondoka.

Ya kwanza iwe Mickey's Gala Premier ya 1933. Ni ya dakika chache tu: Mickey anaota mastaa wa Hollywood wamefurika kutazama filamu yake, Chaplin yumo, Greta Garbo anambusu. Tarehe 1 Septemba 1939, Ujerumani ilipoivamia Poland, BBC iliirusha mchana kisha ikazima televisheni. Walihofu mawimbi ya mnara wa Alexandra Palace, London, yangewaongoza marubani wa adui, na mafundi nao walihitajika kwenye rada. Televisheni ilirudi tarehe 7 Juni 1946, na siku hiyo hiyo Mickey akarushwa tena. Watu husimulia kwamba mwaka 1939 alikatwa katikati ya sentensi. Si kweli, katuni ilionyeshwa mpaka mwisho, ingawa huo uongo ni mtamu na sidhani kama utakufa leo.

Baada yake The Yankee Doodle Mouse ya 1943, katuni ya kwanza ya Tom na Jerry kupata Oscar. Jerry amejichimbia stoo ya chini ya nyumba. Mayai ndiyo mabomu yake ya mkono, sidiria ndiyo parachuti. Mwishoni, Tom akiwa amelipuliwa angani na roketi, Luteni Jerry anatuma ujumbe makao makuu: leteni paka zaidi! Mtoto anaweza kuirudia siku nzima asijue kwamba vichekesho vile vimetoka kwenye taarifa za habari za vita.

Halafu Donald Duck, yule bata, na hapa ndipo ningetaka watu watulie. Katika Der Fuehrer's Face, iliyotoka Januari 1943 na kushinda Oscar, Donald anaota kwamba ni raia wa Ujerumani ya Hitler. Tazameni kifungua kinywa chake. Anajipulizia mdomoni harufu ya nyama na mayai, ndiyo mboga yake hiyo. Mkate ni mgumu, anaukata kwa msumeno. Kisha anatoa kwa siri buni moja iliyofungwa uzi, anaichovya kwenye kikombe cha maji, anairudisha mafichoni. Mpwa wangu aliniuliza, “Mjomba, mbona kahawa anaificha?” Mimi niliyekulia enzi za maduka ya kaya, foleni ya sukari inaanza alfajiri, sikuhitaji kuelezwa. Yeye ilibidi nimweleze, na maelezo yakawa marefu kuliko katuni.

Baadaye Donald yuko kiwandani, makombora yanapita mbele yake bila kikomo, na kila picha ya Hitler ikipita lazima apige saluti, hadi akili inamruka. Ni propaganda, tena ya wazi, na Mjapani aliyemo kwenye bendi amechorwa kwa dharau. Disney waliifungia kabatini kwa miaka mingi, DVD yake ikatoka 2004 kwa ajili ya wakusanyaji. Mimi ningeionyesha kwa vijana, na mtu mzima awepo wa kujibu maswali. Ila zipo katuni za miaka ile ambazo hazina kingine zaidi ya kuwadhihaki Wajapani. Hizo siziweki ukutani kwangu.

Kwa filamu ya vita yenyewe nachagua Listen to Britain ya 1942, ya Humphrey Jennings. Ni kama dakika 20, haina mtu wa kukusimulia uone nini. Unasikia mashine za kiwanda, wafanyakazi wakiimba kwenye kantini, halafu Myra Hess anapiga Mozart kwenye piano ndani ya National Gallery, jumba la picha za kuchora la London. Hakuna bunduki inayofyatuliwa, na vita vimejaa humo.

Serikali ya Uingereza, hiyo hiyo iliyotengeneza filamu hii, ilikuwa na kitengo cha filamu za makoloni, kilichoundwa 1939, ambacho wakuu wake waliamini Mwafrika apewe picha za polepole, zisizo na ujanja wa kamera, asije akachanganyikiwa. Na huku askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wanapakiwa melini kwenda kupigana Burma! Mtu anakabidhiwa bunduki avuke bahari kupigana vita vya dunia, halafu eti picha ikienda mbio hataielewa. Sinema hizo watafiti wazitafute. Jioni yangu hazimo.

Upande wa televisheni, kwangu hakuna ubishi: Dad's Army, iliyorushwa na BBC kati ya 1968 na 1977, vichekesho vya wazee wanaolinda pwani ya Uingereza wakati wa vita hivyo kwa silaha za kuokoteza. Mzee Godfrey, yule mpole anayeomba ruhusa kwenda msalani, aliigizwa na Arnold Ridley, aliyejeruhiwa kweli vitani Somme, Ufaransa, mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Clive Dunn, aliyeigiza Koplo Jones, aliwahi kuwa mateka wa Wajerumani. Kipindi nitakachowaonyesha ni kile cha 1973 ambapo kamanda wa nyambizi ya Kijerumani anaandika majina ya wote atakaowashughulikia vita vikiisha. Anamtaka kijana Pike ataje jina lake, Kapteni Mainwaring, mkuu wa wazee hao, anaruka: “Usimwambie, Pike!”

Casablanca, ile sinema ya mapenzi ya wakati wa vita, mtanisamehe. Hiyo tutaitazama mimi na mama watoto, wakishalala.

Msomaji wenu,
Reading, Uingereza