Ndege wa Julai, kwenda na kurudi Dodoma

Mkuu, umeuliza uende wapi kupiga picha za ndege ukitokea Dodoma, Singida au Hombolo: kwa safari ya siku moja Julai hii na lenzi yako ya milimita 300 nenda Hombolo bwawani, nje ya mji wa Dodoma, Singida achana nayo kwanza, ni mbali utachoka bure. Toka mjini alfajiri na koti zito, usidanganywe na watu kwamba Dodoma ni joto, ule upepo wa asubuhi unakata masikio. Yangeyange na mnandi utawapata pale majini, ila wale ndege wahamiaji wa Ulaya usiwategemee, wanakuja kuanzia kama Oktoba.

Mimi ningekaa kwenye mibuyu, maana saa hizi haina majani, na wale kasuku wadogo wa kijani wenye kola ya njano wanaingia na kutoka kwenye mapango yake, na hao asili yao ni Tanzania tu. Weka mfuko wa maharage dirishani mwa gari uegemeze lenzi, zima injini, spidi ya shata iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, jua liwe mgongoni. Saa nne ikipita mvuke wa joto unaharibu picha. Lenzi usibadilishe nje, vumbi! Na salimia wenyeji mapema, ukiwa na tripodi wanadhani umekuja kupima viwanja.